Lakhan Amekula?

Tavua, Fiji
14 Juni 1998

Mdogo wangu Jainen,

Namaste. Nakuita jina alilokupa baba, si hilo jipya la huko shambani, kwa hiyo usijifanye hulijui. Sisi huku tupo. Shemeji yako Bisun anakata miwa tangu kiwanda kifunguliwe, ila miwa yenyewe mwaka huu ni mafagio matupu. Mvua hakuna. Kila jioni anarudi analaumu mbingu, kisha anakaa na wenzake kunywa maji ya mizizi ya yangona mpaka ulimi unakufa ganzi, ndipo mimi napumzika. Watoto wanasoma. Kisima kimeshuka, tunateka matope.

Sasa nikueleze kilichonishikisha kalamu. Mama ameanguka. Alikuwa uani anamwagilia mche wake mtakatifu wa tulsi, na maji yenyewe hayo ya kuokoteza, nikasikia ndoo inagonga saruji. Ni kiharusi. Upande wa kulia wote hausikii, mdomo umepinda, maneno yanatoka nusu nusu. Hospitali walimlaza, halafu wakamrudisha. Daktari akasema kwa sauti ya chini, tumtunze tu. Huyo wa kumtunza ni mimi. Nimemlaza chumba cha mbele, kile chenye dirisha la barabarani, maana hata sasa anapenda kujua nani amepita na amevaa nini.

Wewe ndiye mtoto wake wa kiume, na ni mmoja tu. Panda meli uje. Nitakupikia chakula chako kisicho na kitunguu maji wala kitunguu saumu, tena kwa sufuria jipya, usipate kisingizio.

Dada yako,
Dropti


Shamba la Gokul, Savusavu
2 Julai 1998

Dada yangu mpendwa,

Hare Krishna. Nagusa miguu yako kutoka mbali. Barua yako ilikaa dukani Savusavu mpaka mkokoteni wetu uliposhuka kupeleka mafuta ya nazi, ndiyo maana nimechelewa. Hapa utumishi unaendelea kwa rehema za Bwana. Tunamwamsha pale madhabahuni, katika sanamu yake, kabla ya jua, tunamwogesha, tunamvisha, tunamwandalia chakula, naye akishakula ndipo sisi tunagawana kilichobaki. Mpunga umekauka, kwa hiyo Yeye anakula magimbi na mtindi, na sisi vivyo hivyo. Wengi wameondoka. Tumebaki Maharaj kiongozi wetu, Mama Lalita wa zizini, mimi, na wengine wachache ambao nao wanaangalia barabara.

Habari za Mama zimenichoma. Nimelia mbele ya madhabahu kama mtoto. Dada, ningekuja kesho, lakini Lakhan naye ameanguka.

Unamkumbuka alivyokuja nyumbani. Mama yake alikufa siku ya kumzaa, na Mama akamlea kwa chupa, akilala naye jikoni karibu na jiko. Nilipohamia huku nilimleta pamoja na ndugu yake Ram, na Mama alinisindikiza mpaka bandarini akilia zaidi kwa ajili ya hao maksai wawili kuliko kwa ajili yangu. Ram alishakufa. Lakhan amebaki peke yake kwenye plau, kwenye kinu cha mafuta, kwenye mkokoteni wa maji. Majuzi kijito kilikuwa kikavu, mawe matupu, akateleza na pipa nyuma yake. Nyonga imevunjika. Hatasimama tena.

Sheria yetu unaijua. Maksai aliyemlimia Bwana hauzwi, hachinjwi, hapigwi risasi. Anatunzwa mpaka pumzi ya mwisho, na aliyekuwa akimfunga nira ndiye anayekaa naye, amtie jani la tulsi mdomoni na kumtamkia jina la Bwana sikioni. Aliyekuwa akimfunga nira ni mimi. Hatamaliza wiki. Akienda, siku hiyo hiyo naingia melini.

Mtumishi wako,
Jainen


Tavua
19 Julai 1998

Jainen,

Namaste. Watoto wazima. Bisun mzima, amekatwa kidogo na panga kidole cha mguu, anatembea kama bata. Mvua bado.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikacheka. Mara ya pili sikucheka. Mama mmoja, maksai mmoja, na wewe umemchagua mwenye pembe. Bisun anasema tungempaka Mama masizi tukamfunga kengele shingoni, ungekuja mbio. Nimemwambia anyamaze, ila usidhani nimemnyamazisha kwa sababu amekosea.

Niache maneno hayo. Mama ana vidonda vya kulalia. Kimoja kiunoni, kingine kisiginoni. Mfupa wa kiuno unataka kutokeza. Hospitali walisema nimgeuze kila mara, lakini hawakusema kwa mikono ya nani. Mama si mwepesi, unamjua. Nikimvuta bega analia, nikimvuta shuka ngozi inabaki kwenye shuka. Jirani anakuja kunisaidia akiwa na nafasi, na jirani naye ana nyumba yake.

Barua yako sikumsomea Mama. Ningemsomea nini hapo?

Dropti


Shamba la Gokul
8 Agosti 1998

Dada mpendwa,

Hare Krishna. Magimbi yamebaki shimo moja. Mama Lalita anawagawia ng'ombe kwanza, halafu Bwana, halafu sisi. Maharaj alimuuliza kwa nini Bwana awe wa pili, akajibiwa, "Kwa sababu Yeye mwenyewe ni mchungaji, na mchungaji anakula wa mwisho. Bahati yake nimemweka mbele yako."

Una haki ya kunitukana. Lakini nisikilize kuhusu kumgeuza Mama, maana hiyo ndiyo kazi ninayoifanya hapa asubuhi na jioni. Usimvute. Kuvuta kunachuna. Chukua gunia laini au shuka nene, likunje mara mbili, lipitishe chini ya mgongo na makalio akiwa ubavu mmoja. Kisha simama upande unaotaka aelekee, shika pindo la mbali, lilete kwako polepole, na goti lako liwe tayari kumpokea. Mwili unajiviringisha wenyewe. Nyuma yake weka mto, na kati ya magoti mto mwingine, mfupa usilale juu ya mfupa. Sisi kwa Lakhan tunatumia turubai na watu wanne.

Vidonda vyake ni vibaya. Nzi wamemtagia. Nawatoa funza kwa kijiti, na kwa kuwa hatuui, nawaweka kwenye kikopo na kuwapeleka kwenye lundo la samadi. Sevanaia, jirani yetu wa kijiji cha chini, alinikuta na hicho kikopo. Alikuja na bunduki yake ya kuwindia nguruwe.

"Jainen, huyu unamtesa," akasema. "Nipe ruhusa. Risasi moja tu. Nitazika mwenyewe, siombi hata kipande."

Nikamwambia asante sana ndugu yangu, haiwezekani.

"Ingawa ungenipa kipande nisingekataa," akasema.

Tulicheka wote wawili, Dada. Nikamweleza kwamba haya maumivu ni deni la nafsi ya Lakhan kutoka maisha ya nyuma, na tukimkatiza atarudi duniani kulimalizia. Sevanaia akamtazama Lakhan muda mrefu. "Kwa hiyo wewe una uhakika," akasema. Kisha akaweka bunduki chini, akashika kona ya turubai.

Hatamaliza wiki hii.

Jainen


Tavua
24 Agosti 1998

Jainen,

Namaste. Tumetangaziwa kwamba mwenye ardhi hataongeza mkataba, kwa hiyo huu ni kama msimu wetu wa mwisho hapa. Tangu siku hiyo Bisun hata kulaumu mbingu ameacha. Ningependa alaumu.

Lile gunia limefaa. Nimeona aibu kumgeuza mama yangu kwa maarifa ya zizini, lakini limefaa. Sasa namgeuza peke yangu na halii. Kile kidonda cha kisigino kimeanza kufunga. Cha kiuno hapana.

Na wewe kile kikopo chako cha funza, sijui nikwambie nini. Nilikuwa nakula nilipofika hapo.

Nimekutumia chupa. Ni mafuta ya nazi nimeyachemsha na manjano na kafuri, ndiyo ninayompaka Mama, nzi hawayapendi. Mpake Lakhan pembeni ya kidonda, si katikati, katikati yatamchoma. Usiniulize kwa nini nimetuma. Sijakutumia wewe.

Unasema hatamaliza wiki. Wiki ya kwanza ilikuwa mwezi wa saba. Mama amekonda, Jainen. Anafumba mdomo kijiko kikija. Wiki ya Mama ni ipi?

Dropti


Shamba la Gokul
20 Septemba 1998

Dada mpendwa,

Hare Krishna. Nagusa miguu yako. Nisamehe kwa kuchelewa. Mvua ndogo imenyesha, majani yameanza kuchipua kando ya kijito. Tulikuwa na shughuli nyingi za hekalu. Nimepewa kazi ya kushona mavazi mapya ya Bwana, na wewe unajua mimi na sindano.

Nasikitika kuhusu ardhi. Mwambie shemeji kwamba kila kitu ni mali ya Bwana, sisi ni wapangaji tu.

Lakhan yupo. Anakula vizuri. Chupa ilifika, asante, ila usitume nyingine, yanatosha.

Sina mengi leo.

Jainen


Tavua
3 Oktoba 1998

Jainen,

Hilo neno la wapangaji sikumfikishia Bisun, kwa usalama wako.

Barua yako imenishangaza. Umeniandikia kurasa nzima kuhusu funza, leo unaniambia "anakula vizuri" basi. Anakula nini? Amelala ubavu gani? Sevanaia bado anakuja? Vidonda vimefunga? Wewe ambaye huwezi kusimulia kikombe cha maziwa bila kuanzia kwenye nyasi.

Daktari amekuja nyumbani. Amesema ni wiki hizi. Mama hana tena maneno ila mawili matatu, na jina lako analitaja kila siku. Nimepiga simu duka la Savusavu, nimewaachia ujumbe wakupe wewe mkononi. Huyo Maharaj wako muulize, Bwana wenu gani anamzuia mtu kumzika mama yake?

Njoo, Jainen. Sikutukani tena, nakuomba. Njoo.

Dropti


Shamba la Gokul
18 Oktoba 1998

Dada,

Hare Krishna. Ujumbe wa simu nimeupata. Siwezi kumwacha Lakhan sasa. Jana amelamba mkono wangu. Nimemchemshia magimbi, nikayaponda na sukari guru na samli kidogo, akala yote na kutafuta zaidi. Anageuza masikio akisikia kengele za hekalu. Ubavu wa kushoto umepona kabisa, manyoya yanaota.

Mwambie Mama. Mwambie Lakhan amekula.

Jainen


Tavua
10 Novemba 1998

Jainen,

Mama ametutoka Jumanne, tarehe ishirini na saba ya mwezi uliopita, mchana, dirisha likiwa wazi. Sikukupigia simu dukani. Ungefika kwa njia gani?

Watu walijaa. Kila aliyeingia aliuliza, "Mwana yuko wapi?" Nikawajibu uko njiani. Siku nzima nimewajibu hivyo, mpaka mwili ukatolewa. Kule mtoni pandit, kuhani wetu, akasema moto ushikwe na Bisun, kwa kuwa mwana hayupo na mkwe ni kama mwana. Bisun akanyoosha mkono. Nikauchukua moto mimi. Pandit akasema wanawake hawafanyi hivyo. Nikamwambia wanawake hawafanyi, ila huyu amemgeuza tangu mwezi wa sita, kwa hiyo leo atamgeuza mara ya mwisho. Hakuna aliyenizuia.

Nimezunguka kuni na kijinga mkononi. Nimeweka moto upande wa mdomo wake, kama wewe ulivyopaswa kuweka. Kuni zilikuwa kavu sababu ya kiangazi, zikashika mara moja. Baadaye pandit akasema aliyewasha moto hunyoa kichwa, ila mimi nisamehewe. Sikutaka kusamehewa. Nimenyoa. Watoto walipoingia chumbani walinipita kwanza, hawakunitambua.

Siku kumi na tatu zimekwisha, watu tumewalisha, nyumba ni tupu. Ukitaka kuendelea kumlinda maksai wako, endelea. Sasa hakuna anayekusubiri.

Dropti


Shamba la Gokul
27 Novemba 1998

Dada,

Sijui nianzeje, kwa hiyo naanza popote.

Lakhan alikufa mwanzoni mwa Septemba. Chupa yako ilifika, nikampaka mara chache, nzi wakapungua kweli, halafu akafa. Barua ya mwezi wa tisa nimeiandika ameshazikwa. Ile ya mwezi wa kumi pia. Magimbi, sukari guru, masikio, yote niliyatunga nimekaa mlangoni mwa zizi tupu.

Nisikufiche lolote tena. Hakuna aliyenizuia kuja. Tangu mwezi wa saba Mama Lalita aliniambia, "Nenda kwa mama yako, mimi nitamsemea jina la Bwana sikioni, ng'ombe hachagui sauti." Maharaj akanipa nauli ya meli na baraka. Nikawajibu kwamba aliyemfunga nira ndiye anayekaa. Walidhani ni imani. Nami nilidhani hivyo.

Nilikuwa nimeahidi kuja akienda, na nilikusudia. Lakini kufa kwake kulianza asubuhi kukaisha jioni, Dada. Nilitamka jina mpaka sauti ikakauka. Vitabu vinasema mnyama anayelisikia jina hilo anaondoka kwa amani. Lakhan hakuondoka kwa amani. Alipiga kichwa chini mpaka jicho likapasuka. Aliunguruma kama alivyokuwa akimwita Mama jikoni akiwa ndama. Jani la tulsi alilitema. Sevanaia alikuwepo na bunduki yake. Aliniangalia tu akisubiri, na mimi nikatikisa kichwa. Alisubiri tena nami nikatikisa tena. Mwishoni alikwenda kukaa mbali akaziba masikio. Hajarudi hapa tangu siku hiyo.

Baada ya hapo nilifunga mzigo wangu. Nikaufungua. Nikafunga tena. Nilijua nikija utanikalisha kwenye kiti karibu na kitanda cha Mama, nami nitaiona tena ile kazi, safari hii kwa Mama. Nimemwona mmoja wao akifa. Wa pili sikuweza. Ndipo nikaanza kumwandika Lakhan yu hai, kwa sababu akiwa hai nina ruhusa ya kubaki.

Sina ninachoomba.

Jainen


Tavua
13 Desemba 1998

Jainen,

Barua yako ilikuja nikiwa nafunga vyombo. Mwisho wa mwezi tunahama, tumepata chumba kwa binamu yake Bisun kule Ba. Watoto wamefaulu.

Nimekaa nayo siku kadhaa. Nilitaka kukuandikia maneno ambayo dada hamwandikii mdogo wake, na mengine nimeyaandika nikayachoma. Acha nikwambie badala yake kitu nilichokuficha.

Niliandika kwamba Mama anataja jina lako kila siku. Si kweli. Barua yako ile ya kwanza niliiacha juu ya meza, Bisun na mdomo wake akamwambia Mama kwamba Lakhan ameanguka. Tangu siku hiyo Mama aliuliza kitu kimoja. Kwa ule mdomo uliopinda, asubuhi, mchana, jioni: "Lakhan amekula?" Mimi nimemshika mgongo, mimi nimemwosha, nimemgeuza mpaka kiuno changu kimekataa, naye ananiuliza habari za maksai. Ile chupa ya mafuta ndiye aliyenilazimisha kuituma, alinionyesha kwa mkono wake mzima mpaka nikachoka. Na alisema jambo jingine, akiwa bado na maneno. Alisema, "Asimwache." Nilinyamaza, kwa sababu ningekwambia usingekuja, na ungepata baraka ya kutokuja.

Na chakula alikataa, nilikwambia. Ila nilipomsomea barua zako, nikifika mahali Lakhan amekula, alifungua mdomo. Kijiko kimoja, viwili. Zile wiki ambazo hukuandika nilimtungia mwenyewe. Leo Lakhan amekula nyasi za kijitoni, Mama. Leo amekunywa ndoo nzima. Siku moja nikazidisha, nikamwambia Lakhan amesimama, na Mama akacheka kwa nusu ya uso. Kwa hiyo tumemlisha mnyama huyo mimi na wewe, kila mtu upande wake wa bahari, na alikuwa chini ya udongo.

Barua yako ya Oktoba ilifika siku mbili kabla hajatutoka. Nilimsomea magimbi na sukari guru na samli. Akaniashiria nimletee. Nikamponda gimbi, nikatia sukari guru na samli, akala vijiko vitatu. Hicho ndicho chakula chake cha mwisho hapa duniani.

Sijakusamehe. Usije ukasoma hayo ukadhani ni msamaha. Ulikuwa na nauli mkononi, na mimi nimewaambia watu siku nzima kwamba uko njiani.

Majivu yako juu ya kabati, kwenye chungu, yamefunikwa kwa kitambaa chekundu. Sikuyapeleka baharini. Pandit amenigombeza mara mbili. Kabla ya kuhama nitayapeleka, uwepo usiwepo. Ukija, kiti chako kipo pale pale karibu na kitanda, na kitanda hakina mtu, kwa hiyo huna tena cha kuogopa.

Dropti